Uzee si Ugonjwa: Mabadiliko ya Mwili na Kazi ya Muuguzi

Bibi mwenye umri wa miaka 78 analetwa zahanati na mjukuu wake. Tangu jana hataki chakula, anachanganya majina ya wajukuu, na usiku ameanguka akienda msalani. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 37.2 za Sentigredi. Hakohoi sana, wala halalamikii maumivu. Ni rahisi kusema, "Ni uzee tu," na kumrudisha nyumbani. Lakini muuguzi anayehesabu pumzi zake kwa dakika nzima anakuta pumzi 28, na mapafu yanaposikilizwa, dalili za kichomi zinadhihirika. Maneno yale matatu yangeweza kumgharimu maisha yake.

Mfano huu unaonyesha kwa nini elimu ya mabadiliko ya mwili wa mzee ina manufaa. Asiyejua uzee hufanya nini hataweza kutambua kile ambacho uzee haukifanyi.

Akiba ya mwili

Viungo vya mwili huwa na uwezo unaozidi mahitaji ya kila siku. Figo moja ya kijana ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na mtu mwenye afya aweza kuishi vema kwa figo moja tu. Uwezo huo wa ziada ni akiba, kama nafaka iliyomo ghalani. Kwa kawaida uzee hupunguza kwanza akiba hiyo, si matumizi ya siku.

Moyo ni mfano mzuri. Mapigo ya mtu aliyepumzika hayabadiliki sana kati ya ujana na uzee. Lakini mapigo ya juu kabisa ambayo moyo waweza kufikia hupungua. Kwa makadirio, hupatikana kwa kutoa umri kutoka 220. Hivyo kijana wa miaka 20 aweza kufikia mapigo 200 kwa dakika, na mzee wa miaka 70 mapigo 150. Wakiwa wameketi, hawatofautiani. Tofauti hujitokeza wakati wa homa, kuhara, joto kali au kutokwa damu, yaani wakati ghala linapofunguliwa na kukutwa nafaka haitoshi.

Figo na dawa

Kwa wastani, baada ya umri wa miaka 40, uwezo wa figo kuchuja damu hupungua kwa kadiri ya mililita moja kwa dakika kila mwaka. Hata hivyo, wastani huficha mengi. Katika uchunguzi ulioanza Baltimore, Marekani, mwaka 1958, watu wale wale walipimwa tena na tena kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1985 yalionyesha kwamba, miongoni mwa watu 254 wasio na ugonjwa wa figo, kiasi cha theluthi moja hawakuonyesha upungufu wowote. Kwa hiyo umri peke yake haumwelezi mtu. Yapasa kila mzee apimwe kama alivyo.

Kipimo cha kreatinini katika damu nacho chaweza kupotosha. Kreatinini hutokana na misuli, na misuli hupungua kwa umri. Mzee mwembamba aweza kuwa na figo dhaifu huku kipimo kikionekana cha kawaida. Aidha, maji ya mwili hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka, hivyo dawa inayoyeyuka katika mafuta, kama vile diazepamu, hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kipimo cha dawa kinachomfaa kijana chaweza kumlewesha mzee na kumwangusha.

Mambo ya kukagua

Joto. Joto la kawaida la wazee wengi ni dogo kuliko la vijana, na homa yaweza kutojitokeza hata maambukizo yakiwa makali. Ikiwa kadi ya bibi yule inaonyesha kwamba joto lake la siku zote ni nyuzi 36.0, basi 37.2 ni ongezeko la nyuzi 1.2, nalo si dogo.

Shinikizo la damu. Kuta za ateri hupoteza mnyumbuko, na vihisio vya shinikizo vilivyomo shingoni huchelewa kuitikia mtu anaposimama. Kwa hiyo shinikizo lipimwe mzee akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au cha chini kwa 10, yuko katika hatari ya kuanguka.

Maji. Kiu hupungua uzeeni, hivyo mzee aweza kukaukiwa maji bila kuomba kinywaji. Ngozi ya mkono nayo hulegea kwa umri tu. Kuifinya ili kuona kama inarudi upesi si kipimo cha kutegemewa. Afadhali kukagua ulimi, rangi na kiasi cha mkojo, na mabadiliko ya uzito.

Masikio. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na pamoja nazo herufi kama s, f na ch. Kupiga kelele hakusaidii. Muuguzi aketi mbele ya mzee mahali penye mwanga, amwamkie kwa heshima, aseme polepole kwa sauti nzito kidogo, kisha asubiri jibu.

Akili. Kuchelewa kukumbuka jina la mtu ni jambo la kawaida uzeeni. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi si uzee. Ni dalili ya maambukizo, ukosefu wa maji, dawa, au ugonjwa mwingine unaohitaji kutafutwa siku hiyo hiyo. Swali kuu kwa ndugu aliyemleta ni hili: "Wiki iliyopita alikuwaje?"

Mpaka kati ya uzee na ugonjwa

Uzee huja polepole, kwa miaka. Lenzi ya jicho hukakamaa, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi mtu husogeza kitabu mbali ili asome. Huo ni uzee, na miwani yatosha. Lenzi ikifanya ukungu, huyo ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Kumwacha mzee katika giza kwa kudhani kwamba ndiyo hali ya umri wake ni kumnyima haki yake.

Maswali ya kujaribu

1. Kwa nini kijana na mzee waliopumzika waweza kuwa na mapigo sawa, lakini wasistahimili homa kwa namna moja?

2. Pima kwa rula umbali mdogo kabisa ambao watu wa umri mbalimbali, wasiovaa miwani, waweza kusoma maandishi madogo. Chora grafu ya umbali huo dhidi ya umri, kisha eleza umbo lake.

3. Mtafiti amepima watu 100 wa umri tofauti kwa siku moja. Mwingine amepima watu 100 wale wale kwa miaka 20. Ni yupi anayeweza kueleza vema zaidi jinsi mtu mmoja anavyozeeka? Toa sababu.