Figo, Mashine na Uvumi: Majibu kwa Barua Zenu

Daktari bingwa wa figo wa hapa Pwani amechagua barua zinazomkera na zile zinazomkosesha usingizi. Aliyeuliza figo ziko upande gani wa mwili, na amuulize mwanawe wa darasa la sita.

Jirani yetu aliwekwa kwenye mashine Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Si kweli basi kwamba ukianza kusafishwa damu ndiyo umeshaaga? (Kilifi, Likoni, Lunga Lunga na Tanga, pamoja na wote waliouliza kama mashine huzifanya figo zizoee uvivu)

Nimezijibu pamoja kwa sababu ni uvumi mmoja.

Tuanze na marehemu. Presha na kisukari huziharibu figo kwa miaka, na mwenyewe hasikii hata kichomi. Miguu ikivimba, anaambiwa ni uchovu. Akitapika, ni vidonda vya tumbo. Akikonda, ni husuda, na hapo miezi mitatu inaishia kwa waganga. Siku anayoletwa kwetu amebebwa, potasiamu imepanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo saa yoyote, mapafu yana maji, hawezi kulala chali wala kumaliza sentensi bila kutweta. Tunampitishia mrija shingoni usiku uleule. Wengine tunawawahi, wengine tunawakosa. Matangani watu huhesabu siku tangu alipoanza mashine. Mimi nahesabu tangu mwaka ambao alikuwa na presha na hakuna aliyempima mkojo.

Sasa huo uvivu. Mashine haizigusi figo. Damu hutolewa mshipani, kama mililita 300 kwa dakika, ikapita kwenye chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba, uchafu na maji ya ziada yakabaki huko, damu ikarudi mwilini. Kazi hiyo huchukua saa nne. Mkojo hupungua kadiri miezi inavyokwenda kwa sababu ugonjwa wenyewe unaendelea. Presha ikishuka mno mgonjwa akiwa kwenye mashine, nayo huchangia. Ndiyo maana wauguzi hawaishi kukufunga kile kitambaa cha kupimia mkononi.

Mbona basi huachi? Kwa sababu ugonjwa wako ni wa kudumu, hakuna ulevi hapo. Na wako wanaoacha! Mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, mtoto aliyeharisha hadi akakauka, mgonjwa wa malaria kali: figo zao zilisimama ghafla. Wakisaidiwa kwa majuma machache, wengi wao huanza kukojoa tena, mashine tukaiondoa, wakaenda zao. Hawa ndio uvumi unaowaua bure, kwani walikuwa wapone. Mzazi akimtorosha mtoto kama huyo wadini kwa sababu shangazi amesema mashine inaua, aliyeua ni shangazi.

Mkitaka hesabu ya vifo, hii hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2010 watu milioni 2.6 duniani walikuwa wakiishi kwa mashine au kwa figo ya kupandikizwa, na kwamba si chini ya milioni 2.28 huenda walikufa kwa kukosa matibabu hayo, wengi wao Asia na Afrika. Hao hawakuwahi kuanza.

Bima inasuasua na nauli imetushinda. Baba akienda mara moja kwa wiki badala ya mbili, kuna ubaya? (Kwale, Malindi, Taveta)

Upo, tena mkubwa. Kiwango tunachokilenga ni saa nne, mara tatu kwa wiki. Mara mbili tayari ni mapatano na mfuko wa mlipaji, figo hazikushirikishwa. Mara moja ni kumkausha mzee kilo nne au tano za maji kwa mkupuo, presha inaporomoka, misuli inakaza, na siku sita zinazofuata anavimba upya.

Najua hamuulizi kwa uzembe. Bima ya umma ya Kenya, NHIF, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa awamu, mara mbili kwa wiki. SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, kiwango kikapandishwa hadi 10,650. Wakubwa husoma tarakimu hizo wakadhani wamemaliza. Hakuna humo nauli ya watu wawili, maana mgonjwa hutoka akiyumba na hawezi kuachwa peke yake kwenye matatu. Hakuna ujira wa siku uliopotea, wala chakula cha mtu aliyetoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kadi ya bima inafika hadi mlangoni kwetu tu. Kumfikisha mgonjwa huko mlangoni ni juu yenu.

Msipunguze awamu kimyakimya. Mwambieni muuguzi, muoneni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ulizeni kituo kilicho karibu zaidi na nyumbani. Na chumvi iondoke mezani leo, kwani ndiyo inayomtia baba kiu.

Je, madafu husafisha figo? Na ile dawa ya mitishamba inayotangazwa redioni? (barua nyingi mno kuzitaja)

Kwa mtu mwenye figo nzima, dafu ni kinywaji kizuri. Kwa mgonjwa wa mashine, ni hatari. Mililita 100 za maji ya dafu zina takriban miligramu 250 za potasiamu, na wagonjwa wetu wengi tunawaomba wasizidishe gramu mbili hivi kwa siku. Madafu mawili makubwa yanaweza kumaliza nusu ya kiwango hicho kabla hajala wali. Figo zilizokufa haziitoi hiyo potasiamu, nayo hukimbilia kwenye moyo.

Dawa ya redioni: muulize muuzaji kreatinini ya mgonjwa wake (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ilikuwa ngapi kabla ya dawa, na ngapi baada ya miezi mitatu. Hatakujibu, kwa sababu hajapima. Miti mingine, kama jamii ya Aristolochia, imethibitishwa kuziharibu figo na hata kuleta saratani. Na msiwacheke waganga peke yao: diklofenaki mnazojinunulia dukani kila mgongo ukiuma, mwezi baada ya mwezi, nazo zimetuletea wagonjwa.

Nikinywa maji mengi, figo zilizoshindwa zitaamka? (Voi)

Hapana. Utavimba.

Mashine zililetwa hospitali ya kaunti yetu kwa ngoma na hotuba. Leo zimefunikwa shuka. Nani wa kulaumiwa?

Mpango wa serikali wa kukodi vifaa wa mwaka 2015 ulifikisha mashine kwenye kaunti ambazo hazikuwahi kuwa nazo, na kuna walio hai kwa sababu hiyo. Lakini mashine ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Awamu moja hula kama lita 120 za maji. Ya mfereji hayafai, ya kuchemsha hayafai. Klorini inayotukinga na kipindupindu ikipenya hadi kwenye damu, hupasua chembe nyekundu. Kwa hiyo maji hupitishwa kwenye vichujio vya mkaa, kisha kwenye mtambo wa kuyachuja upya kwa shinikizo. Alfajiri, kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani, muuguzi hukinga maji hayo kidogo, akachovya kijikaratasi, akakitazama kwenye mwanga. Kikibadilika rangi, hakuna anayeunganishwa.

Ukipuuza hapo, kumbuka mji wa Caruaru, Brazili, mwaka 1996. Kituo kilipokea maji ya bwawa yenye sumu ya mwani, hayakusafishwa ipasavyo, na zaidi ya wagonjwa 50 wakafa. Mashine zilikuwa nzima.

Kwenu huenda mtambo wa maji umeharibika na kipuri kinasubiri zabuni. Huenda muuguzi aliyesomea figo amehamishiwa wadi ya wazazi. Huenda bima imechelewa kulipa na vichujio vimekwisha. Mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi mambo hayo matatu, kwa mpangilio huo, kabla hajakata utepe mwingine.

Daktari anataka nifanyiwe upasuaji wa mshipa mkononi mapema. Nisubiri hadi nianze mashine?

Usisubiri. Mshipa huo, ambao ndio utakaounganishwa na mashine, huhitaji wiki sita au zaidi kukomaa, na ukikomaa utausikia ukivuma chini ya kidole. Ukichelewa, utaanza kwa mrija wa shingoni, nao ni mlango wazi wa vijidudu kuingia kwenye damu. Mkono uliochaguliwa usipimwe presha wala kuchomwa sindano ya kawaida, hata muuguzi akisisitiza.

Nasikia kuna njia ya kusafisha damu kupitia tumboni, nyumbani, bila umeme. Mbona tunafichwa? (Lamu, Bagamoyo)

Hamfichwi, mmenyimwa. Lita mbili za maji ya dawa huingizwa tumboni kwa mrija, hukaa saa kadhaa, hutolewa; kwa kawaida mara nne kwa siku. Hong Kong imeitanguliza njia hii tangu 1985. Thailand nayo iliifanya chaguo la kwanza la bima yake ya umma kuanzia 2008 hadi 2022. Kwetu mifuko hiyo huagizwa ng'ambo, ni mizito, na wanunuzi ni wachache, kwa hiyo bei haishuki. Inahitaji mikono safi na mafunzo, lakini haihitaji nauli ya mara mbili kwa wiki, na mtu wa kisiwani anapaswa kuwa wa kwanza kupewa. Hospitali ya KCMC huko Moshi ilianza mwaka 2009 kuitumia kwa wagonjwa ambao figo zimesimama ghafla, wakiwemo watoto. Anayesema haiwezekani Afrika Mashariki, na apande basi la Moshi.

Naweza kununua figo?

Hapana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakataza, na anayekuuzia ameshamwibia maskini mwenzio. Ndugu akijitolea kwa hiari, njooni wote wawili mpimwe. Kenya tunapandikiza, na Tanzania pia: Muhimbili tangu Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma tangu 2018.

Sisi ni kikundi cha waliosoma pamoja. Tunafanya harambee tuinunulie hospitali ya kwetu mashine. Tuchague ya aina gani?

Msinunue. Ulizeni kwanza nani atayasafisha maji, nani atakayekaa na mgonjwa saa nne, na nani atalipia awamu ya mia moja. Kama majibu hayapo, mtakuwa mmenunua shuka nyingine ya kufunikia. Pelekeni fedha kwenye zahanati: vipimo vya presha vinavyofanya kazi, vijiti vya kupima protini kwenye mkojo, na reajenti za kreatinini ambazo haziishi katikati ya mwezi. Kila mwenye presha au kisukari apimwe walau mara moja kwa mwaka, na atakayekutwa na tatizo apewe dawa mfululizo. Kikibaki kitu, walipieni nauli wagonjwa ambao tayari wako kwenye mashine. Najua nauli haipigwi picha na gavana. Toeni hivyo hivyo.