Mazoezi Makali ya Muda Mfupi na Mazoezi ya Wastani: Yapi Yanamfaa Mgonjwa?

Mgonjwa anaposhauriwa kufanya mazoezi, mara nyingi hujibu kwamba hana muda. Jibu hilo lina uzito. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanaume 27 wasio na mazoea ya mazoezi. Kundi moja liliendesha baiskeli kwa kasi ya wastani kwa dakika 45. Jingine lilitumia dakika 10 tu, na ndani yake likakazana kwa nguvu zote mara tatu, sekunde 20 kila mara. Baada ya wiki 12, kwa mazoezi ya mara tatu kila wiki, uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka kwa takribani asilimia 19 katika makundi yote mawili.

Hata hivyo, washiriki hao walikuwa wachache, wala hawakuwa wagonjwa. Juhudi kali hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, anayebanwa kifua apandapo ngazi, au ambaye kisukari kimedhuru mishipa ya macho yake, asianze nazo kabla ya kuonana na daktari. Na kwa kuwa wengi wana shinikizo la juu bila kujua, kipimo kitangulie ushauri.

Kwa mwenye kisukari, tofauti ni kubwa zaidi. Juhudi kali huchochea adrenalini, nalo ini humimina sukari katika damu. Kipimo cha papo hapo kinaweza kupanda kwa muda, na mgonjwa asiyeelezwa huogopa akaacha mazoezi. Mwendo mrefu wa wastani hushusha sukari, pengine hata saa kadhaa baadaye. Anayetumia insulini au glibenklamaidi abebe kitu chenye sukari, na wa nyumbani mwake wazijue dalili: jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kuyatofautisha hakuhitaji mashine: katika ya wastani mtu huweza kuzungumza lakini si kuimba, katika makali hukatizwa na pumzi baada ya maneno machache.

Anayeanza atembee haraka dakika 10 kila siku, aongeze kidogo kidogo. Akishazoea, na vipimo vikiruhusu, anaweza kuharakisha kwa nusu dakika kwenye mwinuko, kisha apunguze mwendo hadi pumzi itulie. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maumivu yasipoisha kwa kupumzika, apelekwe hospitali mara moja.