Kisima cha Arusha: Kipimwe Nini Kwanza?

Swali: Msomaji wa Arusha mwenye kisima kirefu nyumbani anauliza kama maji maangavu, yasiyo na harufu, yana haja ya kupimwa.

Jibu: Yanayo, na floraidi ndiyo ya kuanza nayo. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huiachia majini kimyakimya. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto ndiyo hutoboa siri. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kipimo cha uhakika ni cha maabara.

Uchafu wa kinyesi hupimika nyumbani. Chupa ya kipimo cha salfaidi ya haidrojeni hujazwa maji, ikaachwa chumbani siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, choo cha jirani kishukiwe, na hapo ndipo kuchemsha kunafaa.