Kompyuta ya gemu isiyopiga kelele: namna ya kuchagua vipuri vyake



Mwanafunzi anayepanga chumba Carama na wenzake wawili, akiwa na akiba ya miezi mingi mfukoni, ana swali gumu kuliko la mtu mwenye nyumba yake peke yake. Anataka kuunda kompyuta ya kwanza kwa mikono yake, ya kuchezea gemu na kufanyia kazi za chuo. Lakini usiku mwenzake mmoja anasoma, mwingine amelala kwa sababu ataamka kabla ya alfajiri. Mashine ikivuma kama feni ya dukani, haki ya wenzake imeguswa. Na akinunua kipuri kisichofaa, hakuna duka la jirani litakalokibadilisha kwa urahisi, maana vingi hupitia Dar es Salaam, Kampala au Dubai kabla ya kufika Bujumbura.

Somo hili linafuata kanuni moja: kelele ya kompyuta ni mtoto wa joto. Feni hazizunguki kwa kupenda, zinafukuza joto. Kwa hiyo anayetaka utulivu asianze na feni, aanze na joto.

1. Joto la kwetu si joto la kwao

Majaribio mengi ya vipuri tunayosoma yamefanywa Ulaya au Marekani, katika vyumba vya nyuzi joto 20 hivi. Kipoozeo hakishushi joto chini ya lile la chumba. Kinapunguza tu tofauti iliyopo kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Prosesa iliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 45 itakuwa na 65 kwao. Kwetu, mchana wa Septemba chumba kikiwa na nyuzi 30, ileile itafika 75. Feni zitaona hivyo na zitaongeza kasi.

Basi ukisoma kwamba kipuri fulani "ni kimya", ongeza nyuzi 10 kwenye hesabu kabla ya kuamini. Chagua kipoozeo kikubwa kidogo kuliko walichoshauri, au prosesa inayokula umeme kidogo kuliko waliyoshauri.

2. Hesabu wati kabla ya kuhesabu fedha

Karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto ndani ya chumba chako. Tuchukue mfano wa mashine ya wastani:

- Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, yenye viini 6, iliyotoka 2022: imewekewa kikomo cha wati 76.
- Kadi ya picha ya Radeon RX 6600, iliyotoka 2021, yenye kumbukumbu ya GB 8: wati 132.
- Ubao mama, RAM, diski na feni: weka wati 40 hivi.

Jumla ni wati 250 hivi, bila skrini. Ukicheza saa nne umetumia kilowati-saa moja, yaani uniti moja ya kashipawa. Sasa linganisha na prosesa na kadi za juu, ambazo kwa pamoja zinaweza kuvuka wati 500. Mashine hiyo ni pasi iliyoachwa ikiwaka chumbani. Hata ukiipa feni za bei gani, joto lazima litoke, na litatoka kwa kelele.

Kwa skrini ya kawaida ya 1080p, mashine ya wati 250 inatosha kwa gemu nyingi. Kuzidisha hapo bila haja ni israfu ya fedha, umeme na usingizi wa wenzako.

3. Kama fedha haitoshi kwa mara moja

Kuna njia ya kupanda ngazi. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, ya 2021, ina sehemu ya picha ndani yake. Unaweza kuanza nayo bila kadi ya picha, ukacheza gemu nyepesi na za mpira kwa ubora uliopunguzwa, ukafanya kazi zote za chuo, kisha ukaongeza kadi mwakani. Angalia herufi vizuri: 5600 isiyo na G haina picha ndani, na bila kadi skrini itabaki nyeusi.

Njia ya pili ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, mfano wa Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuongeza kadi ya GTX 1650. Kadi hiyo ya 2019 imepangiwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka pawasaplai. Lakini pima nafasi kwanza. Makasha mengi ya ofisi ni membamba na yanataka kadi fupi ya kimo cha nusu. Kadi ya kawaida haitaingia hata ukiisukuma.

4. Feni kubwa, mwendo wa pole

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani feni nyingi maana yake kelele nyingi. Hesabu inasema vingine.

Hewa inayopitishwa na feni huongezeka haraka sana kadiri feni inavyokuwa pana. Feni ya milimita 120 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hupitisha hewa ambayo feni ya milimita 80 ya umbo lilelile ingehitaji kuzunguka zaidi ya mara 3,000.

Pia kasi ikipungua nusu, sauti ya feni hushuka kwa desibeli 15 hivi. Feni mbili za sauti sawa zikiwekwa pamoja huongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo ukiondoa feni moja inayozunguka mara 1,500 na kuweka mbili zinazozunguka mara 750, hewa inabaki karibu ileile, lakini sauti imeshuka kwa desibeli 12 hivi. Kwa sikio, hiyo ni chini ya nusu ya kelele ya mwanzo.

Ili ujue lengo lako: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele ya ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Kompyuta iliyopangwa vizuri inaweza kukaribia hapo.

Kipoozeo kidogo kinachokuja ndani ya boksi la Ryzen 5 5600 kinafanya kazi, lakini kwa joto letu kitavuma. Kibadilishe na kipoozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120. Kampuni ya Noctua ya Austria ina sifa kubwa ya ukimya, ila bei yake ni kubwa pia. Vipo vya bei nafuu vinavyotosha kwa wati 76. Vipoozeo vingi vya mnara vina kimo cha milimita 150 hadi 160, hivyo soma kwanza kasha lako linapokea kimo gani.

5. Kasha: wazi kuliko kufungwa

Yapo makasha yaliyobandikwa sponji ndani ili kuzuia sauti. Kwa nchi ya baridi ni sawa. Kwa Bujumbura, sponji inazuia joto pamoja na sauti, feni zinakimbia zaidi, na faida inapotea. Chukua kasha lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachotoka kwa kuvutwa.

Vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, ni adui wa kweli. Likijaa kwenye mapezi ya kipoozeo, mashine iliyokuwa kimya Mei itapiga kelele Agosti. Weka feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halinyonywi kupitia matundu yasiyo na kichujio. Osha kichujio kila mwezi wakati wa kiangazi, na usiweke kasha sakafuni.

6. Pawasaplai si mahali pa kubana fedha

Kwa mashine ya wati 250, chukua pawasaplai ya wati 500 au 550. Sababu ni mbili: kwenye nusu ya mzigo ndipo hufanya kazi vizuri zaidi, na feni yake huzunguka polepole. Tafuta alama ya 80 PLUS. Ya Bronze, kwenye nusu ya mzigo, hufikisha angalau asilimia 85 ya umeme inaochukua. Ya Gold angalau 90. Kinachopotea kinakuwa joto.

Pawasaplai isiyo na jina, nyepesi mkononi, inaweza kuungua na kuondoka na ubao mama pamoja na kadi. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS. Haitakupa saa za kucheza, itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Ukiweza, chukua ile yenye wimbi safi la umeme, kwa sababu baadhi ya pawasaplai za kisasa hazielewani na wimbi la UPS za bei ndogo.

7. Vilivyobaki

Diski iwe SSD: haina kitu kinachozunguka, hivyo haina sauti wala mtetemo. RAM nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba, na tofauti huonekana hasa kwa 5600G. Ubao mama uwe wa tundu la AM4 na RAM ya DDR4. Uliza kama BIOS yake inatambua prosesa yako.

Kadi ya picha iliyotumika usiilipie kabla ya kuiona ikifanya kazi. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ili zionekane mpya. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha neno FAKE kwa nyingi za aina hiyo. Iendeshe nusu saa kwenye gemu, usikilize feni zake, utazame joto.

8. Dawa isiyolipiwa

Baada ya kuunda, ingia kwenye mipangilio ya gemu uweke kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, kama skrini yako ni ya hezi 60. Bila kikomo, kadi inaweza kutengeneza fremu 140 ambazo skrini haiwezi kuzionyesha zote, na zote zinalipiwa kwa joto na kelele. Kisha ingia kwenye BIOS, upange feni zisianze kukimbia mpaka prosesa ivuke nyuzi 65 hivi. Prosesa inavumilia joto hilo bila shida.

Kabla ya kutuma fedha kwa yeyote anayesafiri kwenda Kariakoo au Kampala, andika karatasi moja yenye mistari mitano: wati za jumla, tundu la prosesa, aina ya RAM, kimo cha kipoozeo na urefu wa kadi. Mpe mwenzako anayeelewa kompyuta aikague. Kosa likionekana kwenye karatasi hiyo, umelisahihisha kwa kalamu tu. Likionekana baada ya boksi kufika, akiba ya miezi mingi inaweza kukaa chini ya kitanda ikisubiri mnunuzi.