Ukoko Katika Injini: Kosa la Nani?



Katika mashamba mengi makubwa siku hizi zipo pikipiki za magurudumu manne. Hukokota tangi la dawa, hubeba miche na mbolea, na hupita mahali ambapo trekta haiwezi kupita. Zikiwa mpya hupanda kilima bila taabu. Baada ya muda injini huchoka, hugonga na kuzimika njiani. Ndipo dereva huitwa ofisini na kuambiwa: "Umeua injini, utakatwa mshahara."

Somo hili lina mambo mawili: jinsi injini inavyojaa kaboni, na jinsi ya kujua kosa liko wapi kabla mtu hajakatwa senti yake.

KABONI HUTOKA WAPI

Kila aliyepika wali anaujua ukoko. Usipokwanguliwa leo, kesho hushika zaidi. Ndani ya injini ni vivyo hivyo. Petroli huungua ikichanganyika na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, hubaki masizi. Oili nayo ikipenya mpaka chumba cha moto, huungua nusunusu. Masizi na oili hiyo hushikana juu ya pistoni, kwenye valvu na kwenye plagi, hukauka na kuwa ukoko mweusi mgumu.

Ukoko huu una madhara matatu. Kwanza, hupunguza nafasi ya chumba cha moto na kushika joto, hata petroli ikawaka kabla ya wakati wake. Hapo ndipo injini hugonga ikipanda kilima. Pili, huzuia valvu isifunge sawasawa, nguvu ikavuja na injini ikawa ngumu kuwaka. Tatu, hukamata ringi za pistoni. Ringi zikikamatwa oili hupita zaidi, na ukoko huongezeka.

SABABU ZAKE

(a) Chujio la hewa limejaa vumbi.
(b) Choki imeachwa imevutwa injini ikiwa imekwisha kupata joto, au kabureta inatoa petroli kupita kiasi.
(c) Safari fupi za mwendo mdogo, na kuiacha injini ikinguruma wakati watu wanapakia. Injini isiyopata joto lake la kawaida hukusanya masizi upesi.
(d) Ringi za pistoni zimelika, oili inapita.
(e) Plagi iliyofungwa si ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha mashine.

Tuitazame orodha hii kwa makini. Choki ni juu ya dereva, na hilo tulikubali bila kubishana. Lakini safari fupi ni mpango wa kazi, na dereva hakuupanga. Ringi kulika ni umri wa mashine. Plagi hutoka stoo. Na chujio? Dereva anaweza kulisafisha, kama amepewa muda, vifaa na chujio jipya la zamani likichakaa. Asipopewa, hawezi kudaiwa kazi ambayo hakuwezeshwa kuifanya.

PLAGI NI SHAHIDI

Injini ikipoa, fungua plagi uitazame ncha yake. Ikiwa rangi ya kahawia au kijivu, injini inaungua vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, hewa haitoshi, petroli imezidi, au injini haipati joto. Ikiwa nyeusi, yenye maji maji ya oili, oili inapita ndani. Tazama na moshi: mweusi ni wa petroli iliyozidi, wa samawati ni wa oili.

Usiishie kutazama. Andika katika daftari: tarehe, rangi ya plagi, hali ya chujio, na cheo cha mtu uliyempa taarifa. Maneno ya mdomo husahauliwa siku mashine inapokufa. Daftari halisahau.

KUUONDOA UKOKO

Kazi hii ni ya fundi, lakini kila anayeitumia mashine aijue. Injini iwe baridi na waya wa betri umefunguliwa. Fundi hufungua kifuniko cha silinda, huipandisha pistoni mpaka juu, na kupaka grisi kuzunguka ukingo wake ili chembe za ukoko zisianguke kando ya ringi. Njia nyingine huzibwa kwa kitambaa safi.

Hapo hukwangua kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Bisibisi ya chuma isitumike, kwa sababu pistoni ni ya aluminiamu, na kila mkwaruzo ni mahali papya pa ukoko kushika. Chembe na grisi zikifutwa zote, hufungwa gasketi mpya. Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu. Mwisho nafasi ya valvu hupimwa.

Kumbukeni kwamba kukwangua bila kuondoa sababu ni kazi ya bure. Kama ringi zimelika, ukoko utarudi.

TUJILINDE

Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, na huua.

Tusioshe mikono wala vyuma kwa petroli. Petroli ina benzeni, na benzeni huleta saratani ya damu. Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Na. 136 wa kuwakinga wafanyakazi na sumu hiyo.

Mashine nyingi zina wavu wa kuzuia cheche katika bomba la moshi. Wavu ukiziba kwa kaboni, injini hukosa nguvu. Wengine huung'oa na kuutupa. Hilo ni hatari kubwa: cheche moja katika nyasi kavu au miwa yaweza kuteketeza shamba na watu. Wavu husafishwa kwa brashi ya waya bomba likiwa baridi, kisha hurudishwa mahali pake.

HAKI YETU

Mkataba wa ILO Na. 95 wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au hukumu ya usuluhishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo glavu na vifaa vya kujikinga si vya kununua kwa mshahara wetu. Tangu Juni 2022 mkataba huu ni mmoja wa mikataba ya msingi ya ILO.

Sheria za nchi zetu hazifanani. Kila tawi lisome sheria ya kwao na mapatano yake, lijue yanasema nini juu ya makato.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika shamba letu, nani ana wajibu wa chujio la hewa, na anapewa muda gani wa kulisafisha?
2. Je, kila mashine ina daftari lake? Nani hulitia sahihi?
3. Mwenzetu ameambiwa atakatwa mshahara kwa injini iliyokufa. Plagi yake ni nyeusi yenye oili. Mwakilishi wetu aseme nini mbele ya meneja?