Injini inachemka mlimani: je, thamostati itolewe?

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX. Kwenye foleni za Nairobi haina shida, lakini nikipandisha kutoka Mai Mahiu geji ya joto inapanda. Fundi anataka kutoa thamostati. Nikubali?

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na chanzo cha tatizo kinabaki palepale.

Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likikimbia, aghalabu feni ndiyo mbovu. Lako ni kinyume: turbo ikibeba mzigo mlimani, joto linazidi uwezo wa rejeta. Anza na rejeta yenyewe, kwani maji ya bomba huacha chokaa na kutu kwenye mirija yake. Kisha badilisha mfuniko wa rejeta, ambao watu wengi huudharau. Katika mwinuko wa Nairobi, takriban mita 1,800, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo linalozuia hilo. Tia kulanti, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, na uitoe hewa yote, maana injini hizi za boksa huificha.

Mapovu yakiendelea kutoka kwenye tangi la akiba hata baada ya hapo, pima gasketi ya silinda hedi kabla hujapanda mlima tena. Na usifungue kamwe rejeta ikiwa moto.