Kupanga Ardhi ya Kijiji Kinachopakana na Kambi ya Jeshi: Hatua Tano Kabla ya Mvua

Ndugu katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi, mwongozo huu ni wako iwapo kijiji chako kinapakana na kambi kama JKT Mafinga (841 KJ) mkoani Iringa au JKT Itende (844 KJ) mkoani Mbeya. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba. Kwa hiyo anza Mei, maliza Oktoba. Usiruke hatua wala usizipindue.

Istilahi mbili zitatumika kwa maana hii tu. Mpaka ni mstari unaounganisha bikoni za kambi. Ukanda ni ardhi ya kijiji iliyo ndani ya mita 200 kutoka Mpaka.

1. Thibitisha Mpaka (Mei). Mwandikie Kamanda wa Kikosi barua, ipitie kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya mkuu wa wilaya. Omba siku moja ya kutembea Mpaka pamoja na ofisa wa kikosi na mpima ardhi wa halmashauri. Usiende peke yako. Usipige picha kuelekea kambini.
Uhakiki: kila bikoni imeonwa na pande zote tatu, namba yake iko kwenye daftari, na sahihi tatu ziko chini yake. Bikoni isipoonekana, simama hapo. Mpima ardhi ndiye atakayeirudisha. Maneno kama "mpaka uko pale kwenye mkaratusi" hayaandikwi, maana mkaratusi hukatwa.

2. Fyeka mkingamoto (kabla ya Juni 30). Vifaa: panga, majembe, reki, kamba ya mita 10. Safisha ukingo wa nje wa Ukanda kwa upana wa mita 10, hadi udongo uonekane. Mufindi, wilaya ya Mafinga, ni nchi ya misindano. Moto wa shambani ukishika upepo wa Septemba hauulizi nani mwenye eneo. Kubalianeni na kambi, kwa maandishi, nani atapigiwa simu moto ukionekana. Ukikuta chuma usichokijua ardhini, usikiguse wala usikifukue: rudi kwa njia uliyojia, kisha toa taarifa.
Uhakiki: watu wawili wanyooshe kamba kuvuka mkingamoto, kila hatua 50. Nyasi kavu zikiguswa na kamba, rudia sehemu hiyo.

3. Pima maji (wiki ya kwanza ya Oktoba). Kipimo cha Machi kitakudanganya. Chemchemi hupimwa ikiwa imechoka. Kinga maji yote kwa bomba moja, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde hadi ijae. Fanya mara tatu, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 43,200 kwa siku. Hicho ndicho kiasi ambacho kijiji na kambi vitagawana, si zaidi.
Kisha pima mita 60 kila upande wa chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka kingo za mto; tumia kipimo hicho hicho kwenye chemchemi, vinyungu (bustani za mabondeni) vikiwemo. Hapa ndipo ugomvi utakapozuka, maana vinyungu ndivyo vinavyolisha nyumba wakati wa kiangazi. Andika jina la kila mwenye kinyungu na eneo atakalohamia kabla ya kumwambia aondoke.
Peleka takwimu kwenye ofisi ya bonde husika: maji ya Mafinga hushuka kwa Ruaha Mdogo, ni Bonde la Rufiji, ya Mbalizi, mkoani Mbeya, huelekea Ziwa Rukwa.

4. Pitisha mpango wa matumizi ya ardhi uliotokana na hatua zilizotangulia. Halmashauri ya kijiji iuwasilishe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Uhakiki: muhtasari umesainiwa, nakala iko wilayani na nyingine kwa Kamanda.

5. Chora kontua, kisha chimba (kabla ya mvua). Kwanza tengeneza kifaa cha kupimia usawa: funga fito mbili za mita 2 kwa juu, miguu iachane mita 2, na fito ya tatu ilale katikati. Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni, lipite fito ya mlalo. Simamisha, weka alama uzi unapogusa fito. Badilisha miguu, kila mmoja ukae palepale ulipokaa mwenzake, na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Bila kubadilisha miguu, kifaa hicho ni fito tu.
Tembeza kifaa kuvuka mteremko, ukipigilia mambo kila mguu unapotua uzi ukiwa katikati. Umbali kati ya mistari hupangwa na ofisa kilimo wa kata, usiubuni. Chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo utupwe upande wa juu, na panda majani ya tembo juu ya tuta.
Uhakiki: baada ya mvua kubwa ya kwanza, kagua mitaro. Maji yakisimama sawasawa, kazi imekubali. Yakitoboa tuta mahali pamoja, hapo palipimwa vibaya; pima upya jua likitoka.